Mbumbumbu, Mzungu wa Reli

Tusi hili hakuna aliyepita shule ya msingi nchi hii asiyelijua. Mtoto amesimamishwa mbele ya darasa, ameshindwa kusoma sentensi iliyoko ubaoni, basi dawati la nyuma linaanzisha: mbumbumbu! La katikati linaitikia: mzungu wa reli! Kabla mwalimu hajageuka darasa zima limeshika kiitikio, na mwalimu naye, mara nyingi, anacheka. Sisi wa Dodoma tulilipenda tusi hilo kuliko wengine, maana reli tunayo hapa hapa, imekatiza mji tangu enzi za Mjerumani. Tangu mwaka 2024 tuna hata treni ya umeme ya kutufikisha Dar kwa saa chache tu. Reli imebadilika, jamani. Mbumbumbu bado yupo kwenye dawati lake.

Ndugu msomaji, nataka kusema jambo litakalowaudhi baadhi yetu, hasa sisi tunaojiita waandishi chipukizi na kujiona tumezaliwa na kalamu mkononi. Wengi wa wale tuliowaimbia kiitikio kile hawakuwa wajinga hata kidogo. Wapo waliokuwa na njaa. Wapo waliokuwa hawaoni ubao. Wapo ambao Kiswahili chenyewe walikikuta shuleni kama mgeni. Na wapo wengine, ambao ndio wamenifanya nichukue kalamu leo: macho mazima, masikio mazima, akili inayochemka, mwalimu yupo, kitabu kipo, lakini herufi na sauti yake havikutani kichwani kwa urahisi kama vinavyokutana kwa wenzao. Wataalamu wanaiita hali hiyo disleksia. Makadirio yanayotajwa sana duniani ni kati ya watu 5 na 10 katika kila 100. Chukua darasa la watoto 80, kama yalivyo mengi ya madarasa yetu, kisha piga hesabu mwenyewe.

Ukilitaja jambo hili kijiweni, jibu la kwanza unalijua: "Aah, hayo magonjwa ya Wazungu." Nimelisikia Majengo, nimelisikia Area C, nimelisikia kwa mtu mwenye shahada ya ualimu ukutani. (Kama ni ugonjwa wa Wazungu, basi angalau wale waliotunga "mzungu wa reli" walikuwa wamekaribia kitu.) Ni kweli jina limetoka Ulaya. Alilibuni daktari wa macho wa Kijerumani, Rudolf Berlin, mwaka 1887 huko Stuttgart. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, mchangamfu, mwepesi wa hesabu, hodari wa michezo, ambaye jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" bila kushtuka. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, kijana yule angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Soma tena maneno hayo. Ni nani kati yetu hakuwahi kusoma darasa moja na Percy? Sema tu Percy wetu alikuwa akilala na viboko.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mtoto wa mkubwa, aliye kwenye shule ya kulipia, akichelewa kusoma huitiwa mtaalamu, hupewa mwalimu wa pembeni, na mama yake hulitamka neno disleksia kwa sauti ya chini kama anayetaja dawa ya gharama. Mtoto wa Chang'ombe mwenye tatizo lile lile huitwa kilaza. Ugonjwa mmoja, majina mawili, na kinachotenganisha majina hayo ni mfuko wa baba!

Lakini tusiishie kwenye hasira, maana hata wenye nia njema wanatupotosha. Wanaleta orodha za dalili zilizoandikwa kwa watoto wa Kiingereza, wanazitafsiri harakaharaka, kisha wanashangaa kuwa hawampati mtoto hata mmoja. Watampataje? Kiingereza kinaandikwa kama kilivyokuwa kikitamkwa na mababu waliokwisha kuoza makaburini. Mtoto wao mwenye disleksia hukosea, na hukosea waziwazi. Kiswahili chetu huandikwa karibu sawasawa na kinavyosemwa: a ni a, leo na kesho. Mwaka 2001 watafiti wa Italia, Ufaransa na Uingereza walitoa matokeo ya kupiga picha bongo za watu wenye disleksia wa nchi hizo tatu. Waitalia walisoma kwa usahihi zaidi ya wenzao, kwa kuwa Kiitaliano nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Hata hivyo ubongo ulionyesha udhaifu mahali palepale kwa wote. Yaani lugha ilikuwa imewafichia tu.

Sasa Kiswahili kinaficha namna hiyo hiyo. Mtoto wetu mwenye disleksia, akiachiwa muda, anaweza kulifikia neno. Hakosei sana, anachelewa. Anasukuma silabi moja moja kama mtu anayesukuma toroli la maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Na maneno yetu si mafupi! Chukua "hawatatuletea". Mtoto anaanza na ha, anakwenda wa, anahangaika na ta na ta ya pili (au ilikuwa moja?), mpaka afike tea ile ha ya mwanzo imeshamtoka. Na ha hiyo ndiyo iliyobeba ukanushi wote. Kilichobaki kichwani ni "watatuletea". Swali la mtihani limegeuka juu chini, jibu limekwenda na maji, na mwalimu anaandika kwa wino mwekundu: hakuelewa. Alielewa sana alichokisoma. Kilichokuwa kimeandikwa ndicho ambacho hakikumfikia. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza tahajia za watoto wa Tanzania, walichapisha mwaka 2003 kuonyesha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi ndogo kama watu wanavyodhani. Ingefaa kila anayesema "Kiswahili ni rahisi, kinajisoma chenyewe" apewe nakala.

Halafu ebu tutazame ubao wa darasa la kwanza. Maneno gani tunayaanza? Baba. Dada. Babu. Kwa watu wazima ni maneno matamu, ya nyumbani, ya kumtuliza mtoto. Lakini kwa macho ya mtoto, b na d ni umbo moja lililogeuzwa upande! Tumechukua herufi mbili zinazochanganya kuliko zote, tukazipanga siku moja, ubao mmoja, tena kwa maneno yenye irabu ile ile, baba na dada, halafu tunasimama na fimbo kumngoja atakayekosea. Sisemi kila anayegeuza b na d ana disleksia. Karibu kila anayeanza kuandika hugeuza. Anayegeuza bado akiwa darasa la tatu, la nne, ndiye wa kukaa naye karibu. Waingereza huwaonyesha watoto wao kwamba neno lao la kitanda, "bed", lina umbo la kitanda chenyewe, b kichwani na d miguuni. Tukilileta hilo kwetu kama lilivyo, linamsaidia nini mtoto anayeita kitanda kitanda? Sisi tuna "bado". Andika bado ubaoni: b imetangulia, d imefuata, na matumbo yao yanatazamana kama majirani wanaosalimiana. Sikulisoma popote, nimelibuni mwenyewe jioni moja nikikaa na watoto wa jirani, na sidai hataza. Ninachosema ni kwamba msaada unaotoka ndani ya lugha ya mtoto haugharimu hata senti.

Kuna jambo lingine ambalo wa Dar hawalioni. Uwanda huu wa kati si wa lugha moja. Mtoto wa Chamwino ameamshwa na bibi yake kwa "mbukwenyi", si kwa "shikamoo". Kondoa kuna Kirangi, kuna Kiburunge. Kwa Mtoro na Farkwa kuna Wasandawe wenye vidoko katika maneno yao. Kuna wafugaji wa Kibarbaig na Kimasai. Mafundi wa isimu hufunga safari kuja Kondoa kwa kuwa makundi manne makubwa ya lugha za Afrika yamepakana hapo kama nyumba za uswahilini. Sasa mtoto wa huku akiandika "zahabu" kwa dhahabu, au "gali" kwa ghali, hana ugonjwa wowote. Anaandika anavyosikia. Akiomba "karamu" wakati anataka kalamu, mpe kalamu, usimwandikie hospitali. Kumbe basi tunaweza kukosea pande zote mbili: kumpachika jina la ugonjwa mtoto ambaye shida yake ni lugha ya pili, na kumwacha mwenye disleksia kwa kisingizio kwamba "hawa Wagogo Kiswahili kinawapiga chenga".

Dawa ya hapo ni nyepesi, lakini nani anaitumia? Msikilize mtoto katika lugha ya kwao. Mwambie kwa Cigogo akupigie makofi ya silabi za jina la ng'ombe wa baba yake. Mwambie akutajie maneno matatu yanayoanza kwa sauti moja. Kama kwa Cigogo anatiririka na kwa Kiswahili anakwama, shida ni Kiswahili, mpe muda na mazungumzo. Kama sauti zinamponyoka hata katika lugha aliyonyonya, hapo ndipo pa kusimama na kuangalia vizuri. Lakini shuleni kwetu lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Tunamfunga mtu mdomo, halafu tunasema hana la kusema.

Na kabla ya yote, macho. Mtu wa Kongwa hahitaji kuhubiriwa habari za vikope. Ugonjwa huo umetafitiwa wilayani humo tangu miaka ya 1980, na maji ya kumnawisha mtoto uso si kitu cha kuchezea katika nchi hii kavu. Na njaa. Wazee wetu wanaita ile njaa kuu ya baada ya Vita ya Kwanza Mtunya, na mpaka leo ukilitaja jina hilo kikao kinanyamaza. Mtoto aliyetoka nyumbani bila uji wa uwele, akatembea kilomita sita, hawezi kusoma saa nne asubuhi, na hiyo si disleksia. Nayasema haya ili asitokee mtu wa kugawa jina hili kama peremende.

Viboko sitavizungumzia sana, maana sheria yenyewe imeshavizungumzia na hakuna anayeisoma. Kanuni za nchi hii zinasema fimbo haizidi nne, kwa idhini ya mkuu wa shule, kwa kosa kubwa la nidhamu. Kushindwa kusoma "hawatatuletea" ni kosa la nidhamu? Pale Buigiri kuna shule ya wasioona tangu mwaka 1950. Nani amewahi kusikia mtoto wa Buigiri amechapwa kwa sababu haoni ubao? Hata mtu katili kuliko wote angeona aibu. Lakini upungufu usioonekana kwa nje tunautibu kwa mti wa mwarobaini, tena kila siku, kozi haiishi. Na ukishindikana tunakutania kwamba utapelekwa Mirembe, kana kwamba hospitali ya wagonjwa wa akili ni jalala la watoto wanaosoma polepole.

Nina mtoto wa mjomba wangu, kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, simtaji jina. Alimaliza darasa la saba bila kuweza kusoma barua. Alichapwa miaka saba, katika shule ambayo nayo siitaji. Kijana huyu akisimama mlangoni pa zizi jioni, hahesabu ng'ombe; anawatazama tu wakiingia, kisha anasema, "Hayupo yule mwekundu mwenye baka la tumboni, ndama wa yule aliyekufa mwaka wa mvua kubwa." Anakwenda porini usiku anarudi naye. Redio iliyokufa anaifufua kwa kisu na waya. Hadithi anazosimulia wakati wa mavuno, mimi ninayejiita mwandishi huwa naziiba, na ninaziiba vibaya. Je, ana disleksia? Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kwa miaka saba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejiuliza swali hilo. Niliwahi kumwuliza baba yake, "Mjomba, hukwenda shuleni kuuliza kwa nini mtoto hasomi?" Akanitazama sana, akasema, "Mpwa wangu, ningeuliza kwa lugha gani? Wao wanasema mtoto wangu mjinga, wakati mimi nimemkabidhi mali yangu yote."

Jibu la mjomba lina elimu ndani yake kuliko semina tatu za hotelini. Amempima mwanawe kwa kipimo anachokiamini, na mtoto amefaulu. Shule imempima kwa kipimo kingine, hairudi hata siku moja kulinganisha. Kule Zambia mwanasaikolojia Robert Serpell aliliona hili zamani. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya kuwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa kukunja waya, mchezo ambao kila mtoto wa huko anaucheza kutengeneza vigari, Wazambia waliwashinda Waingereza. Kwa udongo wa mfinyanzi, walitoka sare. Sasa nani mwenye akili? Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa kipimo kinachoitwa Panga Munthu, yaani tengeneza mtu: mtoto anapewa udongo, anaumba mtu, na mtaalamu anasoma uwezo wake kutoka kwenye umbo lile badala ya picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona. Watoto wa Ugogo wanafinyanga ng'ombe tangu hawajaota meno ya pili. Hatujakosa kipimo, tumekidharau kwa kuwa kina matope.

Hata Bagamoyo, kwenye pwani yetu wenyewe, Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa watoto wa shule majaribio ya akili, wakawafundisha kwa muda mfupi tu namna ya kuyakabili, wakawapima tena. Alama zilipanda. Mtihani wa kwanza ulikuwa umewapima ugeni wao kwa mtihani.

Watakuja sasa wapenda utamaduni waniambie: vizuri, basi tupeleke ngoma darasani, tuimbe, watoto wajifunze Kiafrika! Taratibu, wandugu. Kuimba tunaimba sana tayari. Ba be bi bo bu, darasa zima, kwa sauti ya kupasua bati. Mwalimu anagonga silabi kwa fimbo, watoto wanaitikia. Mle ndani yumo mmoja ambaye hatazami ubao kabisa. Ameshika wimbo. Atauimba mpaka mwisho wa mwaka bila kukosea, kwa sababu masikio yake ni ya Kigogo, yamelelewa na nyimbo za sauti nyingi na ilimba za wajomba, na kumbukumbu yake ni chuma. Kiitikio kinamficha. Kila mtu anapiga makofi kwa utamaduni, na mtoto anazama humo humo. Kwa hiyo muheme ukipigwa darasani wakati mgeni wa wizara amekuja, mimi sishangilii. Msaada unaoheshimu utamaduni si kumvisha mtoto shanga.

Lakini tunacho kitu ambacho nakionea uchungu kwa jinsi kilivyolala. Mnakumbuka kinyume? Ile lugha ya kuficha siri, tuliyokuwa tukisema mbele ya wakubwa: kitabu inakuwa bukita, shule inakuwa leshu, kalamu inakuwa mukala, na Dodoma yenyewe inageuka madodo. Mwalimu tulimwita mumwali, na alikuwa hajui kwa nini tunacheka. Mchezo huu ni wa zamani sana katika Kiswahili. Na ukiutazama vizuri, unafanya kile kile ambacho wataalamu wa disleksia hukilipia pesa nyingi: unamtaka mtoto alivunje neno vipande, ashike kipande cha mwisho, akipeleke mbele, aunganishe tena, yote kichwani, bila kuandika. Mtoto ambaye sauti za maneno hazimtii atapata taabu kwenye kinyume hata kama ni bingwa wa kusimulia. Utamwona, bila fimbo wala mtihani, huku wote mnacheka. Na ukicheza naye polepole, kwa kokoto tatu mchangani, kila kokoto silabi, unaanza kumfundisha palepale. Sisemi kinyume kinatibu. Disleksia haitibiki kama malaria. Mtu anaishi nayo na anajifunza njia zake, sauti moja moja, kwa mpangilio, kwa kurudia sana, kwa kugusa herufi na kuziandika mchangani. Ninasema tulikuwa na chombo mkononi, tukakiita upuuzi wa watoto.

Jambo la ulozi nalo tusilikwepe. Mtoto asiyesoma, katika nyumba nyingi huku kwetu, "ametupiwa kitu". Wengi wetu tuliosoma tukifika hapo tunacheka, na tukishacheka mazungumzo yamekwisha, mama wa watu haturudii tena. Mimi nasema usicheke. Huyo mama ameona jambo la kweli: kwamba mtoto ana akili, na kuna kitu kinamzuia. Mwalimu aliyesema "ni mjinga tu" hakuona hata hilo. Pa kugombana naye ni pale anapoanza kumtazama jirani, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, maana nchi hii inajua macho mekundu yamewafikisha wapi bibi zetu. Mwambie kwamba hali hii hutembea katika ukoo kama urefu au sauti nzuri. Mwulize kama baba yake mtoto, au shangazi, naye alisumbuka hivyo hivyo. Mara nyingi atatulia, atatabasamu, atamtaja mtu.

Simrushii jiwe mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto 90 na chaki mbili. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalumu, lakini chuo kimoja hakiwezi kuwa mwavuli wa nchi nzima. Wenye kurushiwa jiwe wako karibu zaidi. Wizara ya Elimu iko Mtumba, Bunge liko hapa mjini, TAMISEMI iko hapa. Kuku wa mtoto ninayemsema anaweza kutembea mpaka ofisini kwao akarudi kabla ya giza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Mikakati ya elimu jumuishi imeandikwa tangu 2009, mmoja baada ya mwingine, kwa majalada mazuri. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza waligundulika hawajui kusoma wala kuandika. Kelele zikapigwa, walimu wakalaumiwa, ukaja mpango wa KKK, na kweli madarasa ya kwanza na ya pili yakabadilishiwa mtaala mwaka 2015. Lakini kati ya hao 5,000, wangapi walikuwa Percy? Wote waliwekwa gunia moja, likafungwa.

Na yule aliyejikokota kwa Kiswahili chenye huruma mpaka darasa la saba, anavuka daraja na kukutana na Kiingereza cha sekondari. Biolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake zinamdanganya hata mwenye macho kumi. Alichokuwa anakiweza kwa taabu kinavunjika ndani ya muhula mmoja. Tunamwona mtaani mwaka wa pili, kwenye bodaboda, akiwa na simu nzuri asiyoweza kusoma ujumbe wake, anatuma sauti.

Naam, anatuma sauti. Hapo ndipo ninapowageukia nyinyi wenzangu wa ukurasa huu. Benjamin Zephaniah, mshairi wa Uingereza mwenye asili ya Karibi, aliacha shule akiwa na miaka 13, ana disleksia, kusoma na kuandika hakuwezi. Mwaka 1980 alitoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi, na alipofariki mwaka 2023 vyuo vikuu vilikuwa vimeshamvisha majoho. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri bila kuwa na shule ya kalamu. Yeye alikosa shule tu, si disleksia, lakini nauliza: tungekuwa sisi ndio wahariri wa zama zile, angepita mlangoni kwetu? Tunaletewa miswada, na kitu cha kwanza tunachokitafuta ni tahajia. "Huyu hajui hata kuandika 'ghafla', atajua riwaya?" Nimekuwepo kwenye kikao hicho. Karatasi iliwekwa pembeni kabla mtu hajafika aya ya pili, na nilipoichukua nikaenda nayo nyumbani nikaisoma kwa sauti, nywele zilisimama.

Nimependekeza kwa kamati ya jarida hili tupokee hadithi kwa sauti, zilizorekodiwa kwenye simu, na mmoja wetu akae na mwenyewe waziandike pamoja, jina likiwa la mwenyewe. Wawili wamekubali. Watatu wamesema hiyo ni fasihi simulizi, ina mahali pake, sisi ni jarida la fasihi andishi. Mmoja akaongeza kwamba tutafungua mlango kwa kila mvivu. Nimewaomba wasipige kura kwanza. Jumamosi ijayo mtoto wa mjomba anakuja mjini kuuza mbuzi mnadani, na nimemwambia akimaliza apitie kikaoni, ana dakika kumi na tano. Atasimulia ile ya fisi na mtoza ushuru. Wataamua wakishaisikia.